Kuondoa mwani wa chokaa kwenye kioo cha tangi la maji ya bahari: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Anayefuga samaki wa mapambo wa baharini Mtwara au Lindi ana bahati moja kubwa. Mwenzake wa Dodoma hununua chumvi maalumu na kuikoroga kwenye ndoo. Yeye hushuka pwani na madumu yake akachota maji yenye madini yote ambayo matumbawe yanayahitaji. Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayoleta vidoti vya waridi kwenye kioo. Mwanzoni vinapendeza. Miezi ikipita vinaungana, vinakuwa gamba gumu la zambarau, sponji inapita juu yake bila kubandua kitu, na mtoto anayetaka kuona samaki inabidi achungulie kwenye kipande kilichobaki wazi.

Gamba hilo ni mwani. Katika mwongozo huu nitauita mwani wa chokaa. Uko katika kundi kubwa la mwani mwekundu, kundi lile lile la mwani tunaoulima kwa kamba na vigingi kwenye maji mafupi ya pwani yetu. Tofauti yao ni kwamba huu wa kwenye kioo hujaza kuta za seli zake kwa kalsiamu kaboneti, madini yale yale yaliyomo kwenye mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za kale za Mikindani na misikiti ya Kilwa Kisiwani, na ambayo wazee waliyachoma kupata chokaa. Kwa hiyo unaposugua kioo unasugua jiwe jembamba lililo hai, na mbele ya jiwe sponji haifui dafu.

Kabla hujashika wembe, nataka tukubaliane jambo moja: huu si uchafu. Baharini mwani wa chokaa hufunika vifusi vya matumbawe vilivyotulia na kuvigandisha viwe mwamba, na machanga ya matumbawe yanapotafuta mahali pa kujishikiza hupenda kutua juu yake. Ndani ya tangi ni dalili kwamba kalsiamu na magnesiamu zipo za kutosha na maji hayayumbi. Tena pale ulipojaa, mwani wa kijani wenye nywele haupati nafasi rahisi ya kushika. Msimamo wangu basi ni huu: safisha kioo cha mbele, na cha ubavuni kama watu hutazamia hapo. Kioo cha nyuma na mawe yaache yavae zambarau. Utapunguza zaidi ya nusu ya kazi, na tangi litapendeza zaidi kuliko lililokwanguliwa kila upande.

Hakikisha kwanza ni wenyewe

Si kila rangi kwenye kioo inahitaji wembe. Utando wa kijani unaotoka kwa kitambaa ni mwani wa kawaida. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya ni diatomu, yaani mwani mdogo sana wa seli moja, na mara nyingi hupungua tangi linapokomaa. Kuna utando mwekundu unaoteleza, wenye vipovu, unaobanduka kama ngozi. Hao ni bakteria, na dawa yao ni kupunguza chakula kinachooza ndani ya maji na kuongeza mzunguko. Utaona pia vijibomba vyeupe vidogo vilivyojikunja, vigumu kama mchanga. Hivyo ni vijumba vya minyoo midogo isiyo na madhara, na huondolewa kwa njia zile zile za mwani wa chokaa.

Mwani wa chokaa wenyewe huanza kama doa la mviringo la waridi, kisha huiva kuwa zambarau au rangi ya damu ya mzee. Ukipitisha ukucha, unakwama kwenye ukingo wake. Kama bado una shaka, bandua kipande, kikaushe, kidondoshee siki nyeupe: kikitoa vipovu, ni chokaa. Mwani huu ukifa hubaki mweupe lakini gamba halianguki lenyewe, kwa hiyo usidhani kuzima taa kwa wiki moja kutakusafishia kioo.

Kioo au plastiki?

Hapa ndipo matangi mengi yanaharibika. Matangi yanayotengenezwa na mafundi wa kwetu kwa vioo vya dirisha na silikoni ni kioo kweli, na kioo kinavumilia wembe. Lakini baadhi ya matangi ya kiwandani, hasa yaliyopinda mbele bila kiungo, ni ya akriliki, ambayo ni plastiki ngumu. Wembe mmoja wa chuma ukipita kwenye akriliki unaacha mchirizi wa kudumu.

Gonga kwa ukucha. Kioo hulia kwa mlio mkali na mkononi ni cha baridi. Akriliki hutoa sauti nzito, na ukiigusa haina ubaridi ule. Tazama pia pembe: matangi ya kioo huwa na mstari wa silikoni unaoonekana kwenye kila kiungo. Ukigundua tangi lako ni la akriliki, kila ninaposema wembe wewe tumia kadi ya plastiki, kama kadi ya benki iliyokwisha muda wake, na uvumilie kurudia mara nyingi. Nguvu usiongeze.

Vifaa, na pa kuvipata

Kifaa kikuu ni wembe mnene wa upande mmoja, ulioshikwa kwenye mpini. Wembe mwembamba wa kunyolea, ule wenye makali pande mbili, haufai: unapinda, unakatika, na unaacha kipande chenye makali kwenye mchanga ambapo mkono wako utakipata siku nyingine. Mjini Mtwara au Lindi ulizia kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Wao hukwangua silikoni na rangi kwenye vioo kila siku, na ukimwambia, "Fundi, naomba ule wembe wa kukwangulia silikoni," anaelewa mara moja. Kikipatikana cha chuma kisichoshika kutu, chukua hicho. Kikikosekana, wembe wa kawaida unafaa kwa siku moja, kisha unasuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa, la sivyo keshokutwa umeliwa na kutu.

Nyembe mpya hupakwa mafuta kiwandani. Zioshe kwa maji ya moto na sabuni, uzisuuze mpaka zisiteleze tena. Halafu chukua msasa laini au jiwe la kunolea, zungushia kidogo zile pembe mbili za wembe ili zisiwe na ncha. Ni kazi ya dakika moja, na mikwaruzo mingi kwenye kioo hutokana na pembe hizo, wembe unapolala upande bila mtu kujua.

Vingine ni vya kawaida: kadi ya plastiki kwa ajili ya pembeni, mswaki wa zamani ambao haujaguswa na dawa ya meno, mpira wa kunyonyea maji, ndoo mbili ambazo hazijawahi kutiwa sabuni, bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, taulo, na chupa ya siki nyeupe. Sumaku ya kusafishia kioo, ile ya vipande viwili kimoja ndani na kimoja nje, ni nzuri kwa utando laini na vidoti vichanga. Kwa gamba lililokomaa itakuchosha.

Sufu ya chuma ya kusugulia masufuria isikaribie tangi: nyuzi zake hukatika na kuoza ndani ya maji. Dawa za kupulizia vioo vya madirisha nazo weka mbali, nyingi zina amonia ambayo huwadhuru samaki hata ikiwa kidogo.

Siku ya kuchota maji

Panga usafi wa kioo uendane na siku ya kubadilisha maji, kwa sababu kukwangua kunaacha vipande vingi ambavyo ni lazima vinyonywe. Asilimia 10 hadi 15 ya maji ya tangi inatosha.

Chota maji yakiwa yanakaribia kujaa, upande unaotazama bahari wazi, mbali na mikoko, bandari na midomo ya mito. Maji yakianza kupwa hutoka na tope la mikokoni. Kipindi cha mvua, ambacho huku kusini huanza karibu na Desemba na kufika Aprili, mto Ruvuma upande wa Mtwara na Lukuledi pale Lindi humwaga maji baridi yenye udongo. Wakati huo usiamini macho, pima. Kipimo cha chumvi kisome 1.025 hadi 1.026, yaani gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji. Yachuje kwa kitambaa safi, yafunike, uyaache yatulie huku yakipuliziwa hewa.

Kazi yenyewe

*Zima umeme kwanza.* Hita, kama unayo, izimwe na iachwe ndani ya maji kwa nusu saa kabla maji hayajapungua. Ikitoka majini ya moto hupasuka. Kwa joto la pwani ya kusini wengi wetu hatuihitaji hata hivyo. Kisha chomoa pampu kwenye soketi. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Kama tangi lako lina chombo cha chini cha kuchujia, hakikisha kina nafasi ya kupokea maji yatakayoteremka pampu ikisimama. Nyaya zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni.

*Mikono.* Ioshe kwa maji matupu. Mafuta ya kujipaka, manukato na dawa ya mbu vyote huingia majini. Kama una kidonda, vaa glavu ndefu, kwani maji ya tangi yana bakteria ambao huingia kwenye mchubuko na kuleta uvimbe usiopona haraka. Baadhi ya matumbawe laini nayo yana sumu kali, kwa hiyo usijipanguse jicho katikati ya kazi.

*Mchanga.* Sogeza mchanga mbali na kioo cha mbele kwa kadi ya plastiki, upate mfereji wa upana wa vidole viwili. Punje moja ya mchanga ikinaswa kati ya wembe na kioo inachora mstari ambao hutaufuta, na ndiyo sababu ya mikwaruzo mingi utakayoiona kwenye matangi ya watu, yote ikiwa sentimita chache juu ya mchanga. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaotumia sumaku: kila inapogusa chini, itoe, isuuze, itazame.

*Wembe.* Ulaze. Watu wengi huushika ukiwa umesimama, wakafikiri nguvu ndiyo itakayofanya kazi. Wembe unatakiwa uinamie kioo kwa nyuzi 30 hivi, na isizidi 45, upana wake wote ukigusa sawasawa. Usukume mbele, usiuvute kurudi. Anzia chini, juu kidogo ya mfereji uliouchimba, usukume kwenda juu. Hivyo hutaingiza wembe kwenye mchanga hata mkono ukiteleza. Kila mstari upande kidogo juu ya uliotangulia.

Usianzie katikati ya gamba. Tafuta ukingo wa doa, ingiza makali chini yake, na mara nyingi litabanduka bapa zima la ukubwa wa ukucha au zaidi. Katikati wembe hupita juu na kuacha michirizi ya waridi. Ukingoni unaingia chini ya gamba. Kioo kiwe na maji muda wote.

Sikiliza pia. Wembe mzuri kwenye mwani wa chokaa hutoa mlio mwepesi wa kukatika-katika. Ukisikia sauti ya kusaga, simama hapo hapo, kuna punje. Ukiona wembe unaruka-ruka, makali yamekwisha au yamepata pengo. Badilisha. Wembe butu ndio unaomfanya mtu akandamize, na kukandamiza ndiko kunakoleta mikwaruzo na vidole kukatika. Bei ya wembe mmoja na bei ya kioo kipya hazilingani.

*Nyonya wakati huo huo.* Mkiwa wawili kazi inakuwa nyepesi sana: mmoja anakwangua, mwingine anashika mdomo wa mpira sentimita chache chini ya wembe, maji na vipande vinakwenda ndooni. Si suala la usafi tu. Vipande vilivyo hai na mbegu zake huenea na kuota kwingine, na vipande vikubwa huingia kwenye pampu vikakwamisha rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake. Ukiwa peke yako, kwangua sehemu, acha vipande vitue kwa kuwa pampu imezimwa, vinyonye, uendelee. Maji uliyopanga kuyatoa yakiisha kabla ya kioo kuisha, acha. Malizia wiki ijayo. Hakuna samaki atakayelalamika kwamba nusu ya kioo bado ina waridi.

*Pembeni.* Wembe usikaribie silikoni. Acha sentimita moja kila upande. Silikoni ikichanjwa hata kidogo huanza kubanduka polepole, na tangi la lita 200 lina zaidi ya kilo 200 za maji yanayosukuma viungo vyake. Sehemu hiyo ya sentimita moja tumia kadi ya plastiki, ukisukuma kuelekea katikati ya kioo, mbali na kiungo. Mwani ulioota juu ya silikoni yenyewe uache. Mpaka wa zambarau kwenye pembe za tangi haumsumbui mtazamaji, na haustahili kuhatarisha sebule nzima.

*Kumalizia.* Tumia bomba la sindano kupuliza unga uliotua juu ya matumbawe. Chokaa ikikaa juu ya nyama yao huwaudhi. Panga mchanga, jaza maji mapya polepole, rudisha umeme, angalia kama kila pampu inazunguka. Maji yatakuwa na ukungu kwa saa chache. Suuza au badilisha pamba ya chujio kesho yake, kwa sababu itakuwa imejaa vumbi la chokaa.

Gamba nene lililokataa

Kuna vioo vilivyoachwa mwaka mzima. Hapo wembe peke yake ni mateso, na ndipo siki inapoingia. Siki nyeupe ya dukani ina asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi. Ikikutana na kalsiamu kaboneti huiyeyusha na kutoa gesi ya kaboni dioksaidi, ndivyo vile vipovu. Gamba hulegea kama ukoko wa wali uliolowekwa usiku kucha.

Kwa tangi lenye viumbe, siki itumike tu kwenye sehemu ya kioo iliyo nje ya maji. Ukishatoa maji ya kubadilisha, utepe wa juu wa kioo utabaki wazi, na huko huenda gamba limenenepa. Lowesha karatasi laini au kitambaa kwa siki, kikamue mpaka kisidondoke, kibandike juu ya gamba dakika 10 hadi 15. Kwangua, pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji ya bahari, rudia palipobaki. Jaza tangi baada ya kupangusa vizuri.

Usimwage siki ndani ya maji ukitumaini itayeyusha gamba lililo chini. Haitafika kule ikiwa na nguvu ya kufanya kazi, lakini itakula ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kuzuia asidi, itashusha pH maji yawe na asidi zaidi, na mabaki yake yatakuwa chakula cha bakteria watakaochafua maji na kumaliza oksijeni. Kijiko kimoja kikidondoka kwenye tangi la lita 200 si msiba. Kikombe kizima ni msiba, na kwenye tangi dogo hata vijiko vichache ni vingi.

Ndimu nazo zinafanya kazi, kwa sababu asidi ya sitriki iliyomo huyeyusha chokaa vilevile. Nazitumia kwa vifaa vilivyotolewa nje ya tangi. Juisi ichujwe kwanza ili nyama ya ndimu isibaki kwenye vitundu.

Asidi kali ya kusafishia vyoo, na ile wajenzi wanayooshea marumaru, usilete hata kwenye chumba chenye tangi. Mvuke wake unachoma mapafu. Na siki yoyote, ndimu yoyote, isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe: vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo imewapeleka watu hospitali kutoka kwenye mabafu yao wenyewe.

Pampu, hita na mabomba

Hivi ndivyo vinavyosahaulika, ilhali gamba kwenye pampu lina hasara kuliko la kwenye kioo: rota inazunguka kwa shida, pampu inapata moto, mzunguko wa maji unapungua.

Chomoa, toa nje, fungua. Changanya siki na maji baridi nusu kwa nusu kwenye ndoo, zamisha vipande, lakini plagi na mwisho wa waya vibaki nje. Gamba jembamba huachia ndani ya nusu saa. Nene liache usiku mzima. Sugua kwa mswaki, hasa lile tundu la rota na sumaku yake. Kama sumaku imepasuka ganda la plastiki na kutu inaonekana, usiirudishe majini, nunua nyingine. Suuza kwa maji mengi mpaka harufu ya siki iishe.

Tangi kuukuu lililonunuliwa likiwa kavu

Ukinunua tangi la mtu aliyeacha kufuga au la hoteli iliyofunga, huenda kioo chote ni cheupe. Hapa uko huru, hakuna kiumbe ndani. Lilaze upande wa kioo chenye gamba ukiwa chini, mimina siki na maji mpaka gamba lizame, acha hadi vipovu viishe, kwangua, geuza upande wa pili. Kwa njia hii lita chache za siki zinatosha tangi kubwa. Likiisha, lisuuze mara kadhaa, liweke nje mahali patambarare, lijaze maji, ulitazame siku mbili kama viungo vinavuja. Tangi lililokauka muda mrefu linaweza kuwa na silikoni iliyochoka, na ni heri ujue likiwa uani.

Wanyama wanaokula gamba

Utasikia ushauri wa kuweka konokono. Konokono wengi hula utando laini tu. Gamba la chokaa linawashinda. Anayelimudu kweli ni yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi, anayewachoma miguu wakusanya pweza maji yakiwa yamekupwa. Chini ya tumbo ana mdomo wenye meno matano magumu, na hukwangua mwani wa chokaa pamoja na jiwe lililo chini yake.

Simshauri mtu kumleta kwa ajili ya kioo cha mbele peke yake. Hachagui: atakula zambarau ya nyuma uliyoitaka, ataangusha matumbawe ambayo hayajagundishwa, na kwenye tangi la akriliki meno yake huacha mikwaruzo. Mabadiliko ya ghafla ya chumvi humuua, na dawa za samaki zenye shaba pia. Kama tangi lako ni kubwa na unampenda kwa yeye mwenyewe, sawa, mmoja anatosha.

Lakini usimchukue popote. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na inayozunguka Msimbati, kuchukua kiumbe hai bila kibali ni kosa. Nje ya hifadhi nako pita kwanza kwa afisa uvuvi na kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinacholinda rasilimali za uvuvi, wa eneo hilo. Miamba yetu imekwishapigwa baruti vya kutosha. Wafugaji wa samaki wa mapambo tusiwe mkono mwingine wa kuichukulia.

Kupunguza kasi ya kurudi

Mwani huu utarudi. Maji ya bahari ya kawaida yana kalsiamu ya miligramu 410 hivi kwa lita na magnesiamu karibu 1,290, na hicho ndicho chakula chake cha ujenzi. Kushusha viwango hivyo ili kuudhoofisha ni kuyanyima matumbawe yako kile kile wanachojengea mifupa. Kama hufugi matumbawe, samaki tu, basi huna haja ya kuongeza kalsiamu ya chupa; maji mapya ya kila wiki mbili yanatosha. Anayeongeza apime kwanza: kalsiamu ikishavuka 450, ziada hiyo haiwasaidii matumbawe.

Taa zisizidi saa nane hadi kumi kwa siku, na zielekezwe kwenye mawe kuliko kwenye kioo cha mbele. Jua la dirishani lizuiwe kwa pazia. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji baridi safi, si ya bahari, maana chumvi haiondoki na mvuke.

Lakini kinachosaidia kuliko vyote ni kuuwahi ungali mchanga. Doa la wiki moja linatoka kwa kadi ya plastiki kwa kupitisha mara mbili. La miezi mitatu linadai wembe. La mwaka linadai siki na jioni yako nzima. Chagua siku moja ya wiki, kabla ya kuwalisha samaki, pitisha kadi kioo chote cha mbele, ukianzia chini kwenda juu. Tazama kwa tochi kutoka ubavuni: mwanga unaopita sambamba na kioo huonyesha vidoti ambavyo ukikaa mbele ya tangi huvioni. Ukiona mkwaruzo wa zamani, upitie kila wiki bila kukosa, kwa kuwa mwani wa chokaa hupenda kujishika ndani yake na kuuchora kwa waridi. Mswaki laini unaufikia pale ambapo kadi haiingii.